Walituambia ni malaria ilipanda ku mishipa



Wiki hii hatuongei barabara wala maji. Tunaongea mguu wa kulia wa mtoto mmoja wa miaka minne.

Mama yake anauzisha bunga sokoni. Usiku mmoja wa mvua mwili wa mtoto ulikuwa moto, akatapika, akaanza kugeuza macho. Mama alimfunga mgongoni, akapanda motari, akafika kwenye kituo cha afya ambacho hatutakitaja hapa, na mbele kidogo mutaelewa juu ya nini. Waliomba kwanza feza ya fishi. Alikuwa nayo. Wakampiga mtoto sindano ya kinini kwenye tako la kulia, moja usiku, ingine asubuhi. Homa ikashuka. Siku iliyofuata wakamshusha kitandani ili aende kukojoa, na mguu haukumbeba. Kanyagio ilining'inia kama kitambaa chenye maji.

Mama aliuliza. Tunaandika jibu sawa vile alipewa: "Mama, ni malaria njo ilipanda ku mishipa. Shukuru Mungu mutoto iko muzima."

Akashukuru Mungu. Akalipa faktiri yote, hata ile sindano. Akarudi nyumbani na mtoto anayeburuta mguu.

Sasa musikilize kitu kilichofuata, kwa sababu hapo njo tunataka mufike. Malaria iliyopanda ku mishipa haikumtosha mtu yeyote pale nyumbani. Mtoto aliingia kituoni akitembea, akatoka hatembei: lazima kuna mtu. Shangazi wa upande wa baba akapeleka jina la mtoto kwenye chumba cha maombi. Kule wakaona mwanamke mzee wa upande wa mama. Na ni kweli, wiki mbili mbele ya ugonjwa, mama ya yule mama alikuwa amekuja kutoka kijijini na kuku mmoja na ndizi. Basi ikaisha. Leo bibi yule haruhusiwi kufika kwenye ua ule. Binti yake anamsalimia kwa simu, akiwa sokoni, mume wake asijue. Bibi alimpeleka mjukuu kuku, na sasa anaitwa mulozi, kwa sababu mtu mmoja mwenye bluzi nyeupe hakusema sentensi moja.

Mmoja wetu anasoma uuguzi. Alipita pale, akamwona mtoto akitembea, akatazama jinsi anavyoinua goti juu sana ili vidole visigonge chini. Hakuhitaji kumgusa. Ndani ya tako kunapita mshipa mkubwa wa fahamu, ule wa siatiki, unaoshuka mpaka kwenye kanyagio. Kinini ni dawa kali, inachoma nyama. Sindano ya kinini ikiingia karibu na mshipa ule, mguu unaweza kulala vile vile. Waganga wanajua jambo hili tangu zamani, na Shirika la Afya Duniani, OMS, linasema: kama hakuna namna ingine na kinini lazima ipigwe kwenye nyama, basi ipigwe mbele ya paja, isipigwe kwenye tako. Na bora zaidi, isipigwe kabisa. Mwaka 2010 utafiti mkubwa katika nchi tisa za Afrika, juu ya watoto 5.425 wenye malaria kali, ulionyesha kwamba artesunati inaokoa watoto wengi kuliko kinini. Kongo ilikuwa ndani ya nchi zile tisa. Watoto wa Kinshasa walitoa damu yao ili dunia ijue. Tangu 2011 OMS inasema artesunati njo ya kwanza. Mtoto wetu alipigwa kinini kwenye tako miaka mingi kiisha hapo.

Kwetu hapa mitaani kuna watu wazima wengi wenye mguu kama ule. Tunasemaka: "Ni sindano ilimukamata." Tunasema tu, sawa mtu anavyosema mvua ilimkuta njiani. Angalieni vizuri ile sentensi: sindano njo inafanya kazi, mkono haumo. Wagonjwa wa nchi hii wanajua kwamba wameumizwa. Haiko kweli kwamba hawaelewi, kama wakubwa wanavyopenda kusema kwenye semina zao za hoteli. Wanaelewa. Hawajapewa tu jina la kile wanachoelewa, na kitu kisichokuwa na jina kinachukua jina lolote: Mungu alipenda, bahati mbaya, bulozi, "siku yake ilikuwa imefika".

Tulikwenda kwenye kituo kile, watu watatu, bila mabango. Mkubwa wa kituo alitupokea vizuri mpaka tulipotaja mtoto. Halafu akasema: "Mukija na politike hapa, mi naita polisi." Tuliomba kuona fishi ya mtoto, mama yake akiwa pamoja nasi na karatasi ya kuzaliwa mkononi. Fishi haikuonekana. Zile za wiki ile zilinyeshewa, akasema. Faktiri tu njo haikunyeshewa, kwa sababu alitukumbusha kwamba mama bado ana deni la banda.

Muuguzi wa usiku ule tulimkuta jioni, kwenye kibanda cha muuza mayuniti. Yeye njo alitufuata. Hatutaandika kama ni mwanaume ao mwanamke, ni mzee ao kijana. Alisema hivi: "Artesunati ilikuwa imeisha tangu siku ine. Kinini njo ilibakia. Kinini inapashwa kupita mu serumu, na ile mama hakukuwa na feza ya kununua serumu. Nilikuwa peke yangu na wagonjwa kumi na wawili. Nilitoboa sawa vile wakubwa walinifundisha." Tukauliza kama alijua. "Nilijua ile ile asubuhi. Niliona kanyagio." Na juu ya nini hakusema? Alicheka kidogo, kicheko kibaya. "Niseme, banichome?"

Tulikuwa tumekuja na hasira yetu tayari, na tuliporudi tulishindwa kujua tuiweke wapi. Mtu huyu hana mshahara wa serikali. Anakula kile wagonjwa wanalipa, na kile kinagawanywa kiisha mkubwa kukata sehemu yake na biro za juu kukata sehemu yao. Mwaka 2001 kule Abuja, serikali za Afrika ziliahidi kuweka asilimia 15 ya bajeti zao kwenye afya. Muulize muuguzi yule asilimia 15 ina sura gani. Lakini tunasema pia, na tunasema kwa nguvu: kukosa mshahara hakukumfunga mdomo ile asubuhi. Woga njo ulimfunga, na bibi mmoja analipa.

Kuna watu watatuambia: munaharibia waganga jina, munasukuma watu kwa wauza miti shamba. Tunawajibu na historia ya nchi yetu wenyewe.

Mwaka 1976, kule Yambuku, hospitali ya misioni ilikuwa inatoa kila asubuhi bomba tano za sindano kwa wagonjwa wote wa siku. Mtu mmoja, halafu mwingine, halafu mwingine, sindano ikisuuzwa kidogo kwenye maji. Mwalimu mmoja alikuja na homa, akapigwa sindano ya malaria. Ugonjwa ule ambao leo dunia yote inauita Ebola uliua watu 280 kati ya 318, na wengi waliupata pale pale walipoenda kutafuta dawa. Dunia ilichukua jina la mto wetu ikalipa virusi. Tulisoma juu ya virusi shuleni. Juu ya bomba tano hatukufundishwa.

Kikwit, 1995: ugonjwa ule ule ulisambaa hospitalini kiisha mfanyakazi wa laboratware kupasuliwa tumbo, waganga wakifikiri ni ugonjwa mwingine. Beni, 2018: malaria ilikuwa imejaa, mama wakapeleka watoto kwenye vituo vidogo vya kartiye, vile vya nusu kienyeji nusu kizungu, na OMS yenyewe ilisema wengi walipata Ebola mule, sindano na vyombo vikipita kutoka mwili mmoja kwenda mwingine. Wakati ule magari ya Riposte yalikuwa yanapita yakipiga kelele kwamba watu wa Beni ni wabishi, wana imani potovu, hawataki hospitali. Mama aliyepeleka mtoto na malaria akarudishiwa maiti iliyofungwa kwenye plastiki, munataka apende hospitali namna gani? Alikuwa na sababu. Sababu yake ilikuwa nzuri kuliko matangazo yenu.

Na sisi wa Ituri, tumesahau mwaka 2015? Kutoka mwisho wa 2014 mpaka katikati ya 2015, mamia ya watu wa jimbo hili, wengi wao watoto, walifikishwa hospitalini shingo zimejipinda, macho yametazama juu, ulimi nje. Wakafikiri ni mutiga. Wakatoboa watu migongo kutafuta mutiga, hawakuipata. Kiisha MSF na wengine kupeleka vidonge kuvipima, ikaonekana: vidonge vilivyoandikwa diazepamu havikuwa na diazepamu ndani. Vilikuwa na haloperidoli, dawa ya wagonjwa wa akili. Watu walikufa. OMS ikatoa onyo Julai 2015. Mwenye aliona shingo ya mtoto wake ikijipinda vile, na hakuna mtu aliyerudi kumweleza juu ya kidonge, mpaka leo anaamini ni pepo. Wangapi walifuatwa nyumbani na kuambiwa? Muulize jirani yako. Sisi tumeuliza jirani zetu, na wengi walishangaa kwamba ilikuwa dawa.

OMS ilishatoa hesabu hii: katika hospitali za nchi zenye mapato madogo na ya katikati, mambo mabaya yanayotokana na matunzo yenyewe ni milioni 134 kwa mwaka, na watu milioni 2,6 wanakufa ndani yake. Imeweka hata siku, tarehe 17 Septemba, siku ya usalama wa mgonjwa. Kwenye ukuta wa kila kituo chetu kuna ubao: malaria ngapi, kuhara ngapi, waliozaliwa wangapi, chanjo ngapi. Hatujawahi kuona ubao wenye mstari wa wale tuliowaumiza sisi wenyewe.

Basi makosa yanatokea kila mahali, hata kwa Wazungu wenye mashine zote. Marekani, mwaka 1999, waganga wenyewe waliandika ripoti wakasema watu kati ya 44.000 na 98.000 wanakufa kila mwaka hospitalini kwao kwa makosa. Walisema wenyewe! Kwetu, mganga akikosea, anaanza kusema Kifaransa. Mumeona namna hiyo? Mama amesimama pale, wao wanazungumza juu ya kichwa chake, "komplikasyo", "shoki", wakimaliza wanageukia kwake na Kiswahili cha maneno matatu: Mungu, Mama, Pole. Ao wanamgeuzia kosa: "Mulichelewa kumuleta." Ile sentensi ya mwisho njo mbaya kuliko zote. Imelala katika vitanda vya mama wangapi katika mji huu? Kuna mama anayehesabu mpaka leo saa alizongojea mvua ikatike, na hajui kwamba mtoto wake alikufa na damu ya grupu isiyokuwa yake.

Wanasema sheria hakuna. Iko. Katiba, kifungu cha 47, inalinda haki ya afya. Sheria namba 18/035 ya tarehe 13 Desemba 2018 inaongea haki za mgonjwa, pamoja na haki ya kuelezwa hali yake. Sheria ya jinai, kifungu cha 52, inasema mtu akileta kifo ao jeraha kwa kukosa uangalifu, hata kama hakutaka, ana hatia. Sheria ya raia, kifungu cha 258, inasema mwenye kumletea mwenzake hasara kwa kosa lake, ailipe. Ile ni ya tangu 1888, imekuwa na umri kuliko babu zetu. Waganga wana Order yao tangu 1968 na kanuni za kazi tangu 1970. Karatasi tunazo za kujaza kamyo. Lakini nenda parke bila avoka, bila fishi, bila feza ya usafiri, na useme: kituo fulani kiliharibu mguu wa mtoto wangu. Watakuuliza: nani alikuambia? Na pale njo unabaki, kwa sababu aliyepashwa kukuambia alikuambia ni malaria ilipanda ku mishipa.

Na sisi, tujisemee pia, kwa sababu ni rahisi kupiga wengine. Ni nani anayekimbilia kituoni na mawe wakati mgonjwa amekufa? Ni vijana, ni sisi. Tumeona vioo vinavunjwa, tumeona muuguzi anakimbia na bluzi imepasuka, mara ingine kwa kifo ambacho hakuna mtu duniani angeweza kukizuia. Ile siku muuguzi wetu alisema "banichome", hakubuni. Kila jiwe tunalorusha linafunga midomo ya wauguzi mia. Na ni nani anayenunua ampisilini kwa mwenye sanduku kichwani, akamwita kijana wa kartiye kuja kumpigia serumu kwenye kiti cha sebuleni? Hata hilo tuliite jina lake.

Tulirudi kwa yule mama. Tulikaa saa mbili kabla ya kusema, tukinywa chai ambayo hakuwa na sukari ya kutosha kuitengeneza, na alitia yote. Tulimweleza juu ya sindano, juu ya mshipa. Tulifikiri atalia ao atasema twende mahakamani. Aliuliza kitu kimoja: "Kumbe hata yeye alijua?" Tukasema ndiyo. Akanyamaza sana. Halafu akasema: "Basi aje aseme mbele ya bwana yangu. Aje aseme mbele ya mama-mukwe. Feza mi sitaki, ni mama yangu arudie ku nyumba."

Munasikia? Wanasheria wetu wamejiandaa kuongea fidia, na fidia ni haki, na mtoto anahitaji kiatu cha kushikilia kanyagio na mtu wa kumfanyisha mazoezi, na vile havitoki mbinguni. Tutavidai. Lakini kitu cha kwanza anachodai mgonjwa wa Bunia hakina bei hata franga moja, na njo kile kinachokataliwa.

Tunamtaka mganga mkuu wa zone ya afya aandike na kubandika kwenye milango ya vituo vyote kwamba mgonjwa ao mzazi wake anapewa nakala ya fishi yake siku ya kutoka, bila kulipa na bila kuombea. Tunamtaka aseme wazi, kwa maandishi, kwamba muuguzi anayetangaza kosa lake mwenyewe hatafukuzwa kwa sababu ya kutangaza, na kwamba atalindwa asipigwe. Anayeficha, anayechoma fishi, anayemtupia mama kosa, huyo afuatwe. Hawa wawili hawafanani na hatutakubali waunganishwe. Tunataka kujua artesunati ya kituo kile ilikwenda wapi siku zile nne, kwa sababu tumeiona inauzishwa sokoni, na chupa za bure hazina miguu. Na tunataka kinini cha kupiga kwenye tako kikatazwe kwa sauti, kwa redio, kwa Kiswahili, kwa Kilendu, kwa Kihema, kwa Kialur, ili hata bibi wa kijijini aweze kusema: hapana, si pale.

Wakati tunangojea, kila mmoja wetu afanye hivi, hakuombi ruhusa ya mtu. Ukimpeleka mgonjwa, usiende peke yako. Uliza jina la dawa mbele haijaingia, liandike ao piga picha ya chupa. Ukiona kitu kimegeuka, uliza siku ile ile, kwa upole, mbele ya mashahidi, na andika saa. Usiondoke bila karatasi. Si kugombana. Ni kuuliza, sawa unavyouliza bei ya bunga.

Jumatatu, saa tatu asubuhi, tutakuwa mbele ya biro ya zone ya afya. Tutakaa chini, hatutarusha kitu, mwenye kuja na jiwe arudi nalo kwao. Mwenye fishi yake aje nayo. Mwenye kunyimwa fishi aje na karatasi tupu yenye jina la mgonjwa na mwaka. Yule mama atakuja na mtoto. Muuguzi tumemwambia saa na mahali, na tumemwambia kwamba watu kumi wetu watasimama mbele yake na nyuma yake akikubali kuja. Mpaka tunaandika haya hajajibu. Bibi amekwisha kupata feza ya gari kutoka kijijini. Atafika Jumapili jioni, na atalala kwa mmoja wetu.